Calais: Chama Kidogo cha Mpira na Uwanja Wake Mkubwa

Katika mazungumzo haya twapenda kuwachukua wasomaji wetu mpaka Calais, mji wa bandari ulioko kaskazini kabisa ya Ufaransa, mahali ambapo bahari itengayo nchi hiyo na Uingereza ni nyembamba kuliko penginepo pote. Upana wake hapo wapata kilometa 33 tu, na siku ambayo hewa ni safi mtu asimamaye ufukoni huyaona kwa macho yake majabali meupe ya upande wa pili. Meli za kuchukua abiria na malori huvuka mchana na usiku, nazo hufika Dover kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Tangu mwaka 1994 iko pia njia ya treni ipitayo chini ya bahari, ambayo mlango wake uko karibu na mji huo.

Lakini sisi hatukwenda kutazama meli, wala hiyo njia ya chini ya bahari. Tulikwenda kwa ajili ya chama kimoja cha mpira wa miguu, tena chama kidogo, ambacho jina lake kwa urefu ni Calais Racing Union Football Club. Na afadhali tuseme kweli tangu mwanzo: chama chenyewe hatukukikuta. Kilifilisiwa mwaka 2017. Tulichokikuta ni uwanja wake, na watu wanaokikumbuka, na habari ambayo twaona yafaa kusomwa na kila mtu aliyepata kuwa mwanachama wa timu ya kijiji chake, au mweka hazina wake, au hata mchezaji wa akiba aliyekaa kando mwaka mzima akingoja kuitwa.

Mtu ashukapo katika kituo cha Calais-Ville huona mbele yake, mwendo wa dakika chache kwa miguu, jumba la baraza la mji, lenye mnara mrefu wa matofali mekundu na saa juu yake. Upepo wa baharini huvuma hapo bila kupumzika. Mmoja wetu alipoteza kofia yake kabla hatujavuka barabara, akaifukuza mpaka kwenye maua ya baraza. Mbele ya jumba hilo iko sanamu ya shaba ya watu sita, na kabla ya kwenda uwanjani yatupasa tusimame kidogo hapo, kwa maana bila sanamu hiyo hatuwezi kuwafahamu watu wa Calais wala mpira wao.

Mwaka 1347 Mfalme Edward III wa Uingereza aliuteka mji huu baada ya kuuzingira kwa miezi kumi na mmoja, hata wenyeji wakawa hawana kitu cha kula. Yasimuliwa kwamba alikubali kuwaachilia raia kwa sharti moja: wakuu sita wa mji watoke nje miguu mitupu, kamba shingoni na funguo za mji mikononi, tayari kuuawa. Wakatoka. Malkia akawaombea, wakasalimika, lakini mji ulikaa mikononi mwa Waingereza mpaka mwaka 1558. Karne nyingi baadaye baraza la mji lilimwagiza fundi mkubwa Auguste Rodin afanye sanamu ya watu hao, nayo ikafunuliwa mbele ya watu mwaka 1895. Rodin hakuwafanya mashujaa wenye kuinua vifua. Aliwafanya watu waliokonda, nguo zimewaning'inia, mmoja amekishika kichwa kwa mikono miwili. Basi ndivyo ulivyo mji wa Calais: kumbukumbu yake iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya siku waliyoshindwa. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia.

Sasa twende kwenye mpira. Ufaransa, kama nchi nyingine, ina ngazi ya madaraja. Juu kabisa ni vyama vya wachezaji wa mshahara, ambao mpira ndio kazi yao. Chini yao madaraja huzidi kupanuka, mpaka kufika timu za mitaa na vijiji, ambazo hucheza Jumapili na wachezaji wake hurudi kazini Jumatatu. Chama cha namna hii huwa ni chama cha watu kwa sheria, kama vile chama cha ushirika kilivyo: kina rais, mwandishi na mweka hazina, wanachama hulipa ada zao kila mwaka, na kila mchezaji huandikishwa kwa cheti. Uwanja kwa kawaida si mali ya chama, bali ni mali ya baraza la mji, ambalo hukikopesha chama siku za mchezo na kila mwaka hukipa fedha za msaada. Fedha nyingine hutoka mlangoni, katika kibanda cha vinywaji na vitafunio, na kwa wenye maduka wanaotaka majina yao yabandikwe kando ya uwanja. Mwenye duka la nyama atoa kidogo, mwenye gereji atoa kidogo, na hivyo ndivyo mipira inavyonunuliwa na basi la safari linavyolipwa.

Lakini liko shindano moja linalowakutanisha wakubwa na wadogo wote, nalo ni Kikombe cha Ufaransa. Lilianzishwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, msimu wa 1917 na 1918, kwa kumkumbuka Charles Simon, kiongozi wa michezo aliyeuawa vitani mwaka 1915. Maelfu ya vyama huingia kila mwaka. Hata vyama vya visiwa vya mbali vilivyo chini ya Ufaransa huweza kuingia, nasi wa Afrika ya Mashariki twapaswa kulijua jambo hili, kwa kuwa baadhi ya visiwa hivyo viko katika bahari yetu wenyewe. Mwezi Januari mwaka 2020 timu ya Saint-Pierroise, kutoka kisiwa cha Réunion, ilisafiri mpaka Ufaransa ikaitoa Niort, timu ya daraja la pili.

Vyama vidogo huanza mapema, na vikubwa huingia baadaye. Kura hupigwa, na atakayetoka ndiye atakayechezwa naye. Hakuna kuchagua wala kukwepa. Tena iko desturi moja nzuri: timu ikipangwa na nyingine iliyo juu yake kwa madaraja mawili au zaidi, ile ya chini ndiyo huwa mwenyeji. Kwa hiyo huweza kutokea kwamba wachezaji mashuhuri, ambao nyuso zao zimo magazetini kila siku, hushuka katika basi lao mbele ya uwanja wa kijiji, wakapewa chumba cha kubadilishia nguo chenye bomba moja la maji ya moto. Kwa kawaida hushinda, wakaenda zao. Lakini si kila mara.

Msimu ulioishia mwaka 2000, Calais walikuwa katika daraja la nne. Wachezaji walikuwa watu wa ridhaa. Baadhi yao walikuwa makarani, na wengine walifanya kazi bandarini. Mwalimu wao alikuwa Ladislas Lozano, mzaliwa wa Hispania. Walifanya mazoezi jioni, kazi zikiisha. Kwanza waliitoa Lille, mji mkubwa wa jirani, kwa mikwaju ya penalti. Baadaye wakaitoa Cannes, tena kwa penalti. Watu wakasema ni bahati, na huenda kweli ilikuwa bahati, maana penalti ni penalti. Kisha ikaja Strasbourg, timu ya daraja la kwanza, nayo wakaifunga mabao mawili kwa moja bila kuhitaji penalti yo yote. Hapo watu wakaacha kusema habari za bahati.

Nusu fainali walipangwa na Bordeaux, ambao mwaka 1999 walikuwa mabingwa wa Ufaransa nzima. Uwanja wa nyumbani wa Calais haukuweza kuchukua watu waliotaka kuingia, kwa hiyo mchezo ukapelekwa Lens, mji wa wachimba makaa wenye uwanja mkubwa. Dakika tisini zikaisha bila bao. Katika muda wa nyongeza Calais wakafunga, Bordeaux wakasawazisha, na kila mtu akadhani kwamba sasa yamekwisha, kwa maana miguu ya mtu aliyefanya kazi juma zima si sawa na miguu ya mtu alipwaye ili aitunze. Lakini Calais wakafunga la pili, kisha la tatu. Mabingwa wakarudi kwao na mabao matatu kwa moja.

Fainali ilichezwa tarehe 7 Mei mwaka 2000 huko Saint-Denis, karibu na Paris, katika uwanja mkubwa wa taifa, mbele ya Rais wa nchi, Jacques Chirac. Watazamaji walikuwa karibu 80,000, yaani hesabu yao ilikuwa kama ya wakaaji wote wa Calais wa wakati ule, wazee na watoto wachanga wakihesabiwa. Wapinzani walikuwa Nantes, ambao ndio waliokuwa na Kikombe tangu mwaka uliopita. Kabla ya mapumziko Jérôme Dutitre aliifungia Calais bao la kwanza. Baada ya mapumziko Antoine Sibierski akasawazisha. Mchezo ukaendelea hivyo, moja kwa moja, mpaka dakika ya 90. Hapo mchezaji mmoja wa Nantes akaanguka ndani ya eneo la hatari, refa akapiga filimbi, akaonyesha mahali pa penalti. Sibierski akapiga, akafunga. Nantes mawili, Calais moja.

Juu ya penalti ile watu wa Calais wana maneno mengi, nasi hatutaki kujitia katika ugomvi wa watu. Twataka kueleza jambo lililofuata. Nahodha wa Nantes alikuwa golikipa Mickaël Landreau, kijana ambaye juma moja lilibaki atimize miaka 21. Alipoitwa kwenda kupokea Kikombe, alimwita nahodha wa Calais, Réginald Becque, nao wawili wakakiinua pamoja. Katika michezo yote tuliyopata kuisikia, machache yanatupendeza kama hili. Mshindi hakupoteza kitu, wala aliyeshindwa hakuambiwa kwamba ameshinda. Kila mtu alijua mabao ni mangapi.

Basi Calais wakarudi nyumbani, na sasa ndipo ianzapo ile sehemu ya habari ambayo kwa kawaida haisimuliwi. Maana magazeti huondoka jioni ile ile ya fainali. Mweka hazina ndiye abakiye.

Baada ya fainali kama ile chama kidogo hakiwezi tena kuwa kama kilivyokuwa. Mchezaji aliyemfunga bingwa hatamaniwi na timu yake peke yake. Wengine humjia na fedha, na ukitaka abaki huna budi kumpa chochote. Watu waliokuja mia tano sasa waja elfu kadhaa, nao hawaji kutazama daraja la nne. Wataka timu ipande. Kupanda maana yake ni safari ndefu zaidi, hoteli, daktari, walinzi, na wachezaji wa kulipwa. Gharama hupanda ngazi haraka kuliko timu. Calais kweli walipanda, wakacheza daraja la tatu kwa misimu michache, na mwaka 2006 wakafika tena robo fainali ya Kikombe, wakatolewa na Nantes wale wale kwa bao moja. Lakini ule umati wa mwaka 2000 haukuwa umati wa kila Jumamosi.

Mwaka 2008 uwanja mpya ulifunguliwa, nao ndio tuliokwenda kuutazama. Unachukua watu wapatao 12,000. Unaitwa Stade de l'Épopée, na neno hilo la Kifaransa sisi watu wa Kiswahili tuna bahati ya kuweza kulifasiri kwa neno moja tu: ni Uwanja wa Utenzi. Umejengwa na kupewa jina kwa ajili ya utenzi ule wa mwaka 2000, uliomalizika kwa kushindwa. Hapo ndipo tulipoikumbuka sanamu ya Rodin. Mji ule ule uliowawekea shaba watu sita waliotoka kwenda kuukabidhi, ndio uliojenga uwanja kwa ajili ya watu kumi na mmoja waliofungwa dakika ya mwisho. Yako mapenzi makubwa katika jambo hili, wala hatuthubutu kulicheka.

Hata hivyo twasema yale tuyaonayo. Viti elfu kumi na mbili ni vizuri siku vikijaa. Wakija watu elfu moja, sauti zao hupotea, na timu hucheza kana kwamba iko peke yake jangwani. Uwanja wa zamani, ulioitwa Julien-Denis, ulikuwa mdogo, na mtazamaji aliweza kumsikia mchezaji akihema. Uwanja mpya ulijengwa kwa kipimo cha siku moja iliyokwisha kupita miaka minane. Hatusemi kwamba uwanja ndio uliokiua chama, kwa sababu uwanja ulikuwa mali ya mji na madeni yalikuwa ya chama. Twasema tu kwamba nguo iliyoshonwa kwa siku ya arusi haivaliwi shambani.

Wasomaji wengine watauliza, chama cha mpira hufaje? Hufa kwa karatasi. Ufaransa iko kamati maalum ya wenye mpira ambayo kazi yake ni kuvikagua vitabu vya hesabu vya vyama kabla ya msimu kuanza. Chama hutakiwa kuonyesha fedha kilizo nazo, kinazotazamia kupata, na kinazodaiwa. Mambo yasipolingana, kamati huweza kukizuia chama kisipande, au kukishusha daraja, ijapokuwa uwanjani kilishinda. Calais walionja uchungu huo zaidi ya mara moja: walishushwa kwa sababu ya fedha. Na chama kinaposhushwa, watazamaji hupungua, wenye maduka hupunguza michango, na deni la zamani hubaki pale pale na ukubwa wake. Ni kama mtu aliyekopa mbegu kwa shamba la ekari kumi, kisha akaachiwa ekari mbili za kulimia deni lile.

Mwisho wadai hupeleka shauri mahakamani. Hakimu akiona kwamba hakuna njia ya kulipa, huamuru chama kifilisiwe: mtu huteuliwa, huorodhesha kila kitu, mpaka meza na mipira, akauza, akawagawia wadai. Amri hiyo ilitoka mwezi Septemba mwaka 2017. Chama ambacho mwanzo wake ulikuwa mwaka 1902 kikaondolewa katika ngazi, si timu ya wakubwa tu, bali jina lote. Na hapo ndipo palipotuuma zaidi, kwa sababu chama cha mpira si watu kumi na mmoja wa Jumamosi. Ni pia watoto wa Jumatano alasiri, ambao hawakukopa kitu kwa mtu ye yote, nao waliambiwa watafute mahali pengine pa kuchezea.

Tulizunguka ukuta wa uwanja ule kwa miguu. Malango yalikuwa yamefungwa, shakwe walikuwa wakilia juu ya paa la jukwaa, na kutoka bandarini tulisikia honi ya meli iliyokuwa ikiondoka. Kwenye majani nje ya ukuta vijana wanane walikuwa wakicheza, wanne kwa wanne, magoli yao ni mifuko ya shule. Mzee mmoja alikuwa ameketi karibu, akiwatazama. Tulimsalimu, tukamweleza tumetoka wapi na tumekuja kwa ajili gani. Akatuambia kwamba alikuwako Saint-Denis siku ile, alikwenda kwa basi na ndugu zake wawili, na kwamba yeye hana kinyongo, alikwisha kuisahau ile penalti zamani.

Kisha akachukua fimbo yake, akachora mchangani mstari wa eneo la hatari. Akatuonyesha mpira ulikuwa wapi, beki alikuwa wapi, mguu wa nani uligusa nini, na refa alisimama mbali kiasi gani. Akafuta, akachora tena kwa upande wa pili ili tuone vizuri zaidi. Basi letu lilipofika alikuwa bado hajamaliza, na vijana wawili walikuwa wameacha mchezo wao, wamekuja kuinama juu ya mchoro.